Upendeleo wa biashara kutoka nje usitutenganishe mipakani

MFANYABIASHARA anayevusha mzigo Rusumo, Kabanga, Mutukula au Busia anajua jambo ambalo wakubwa wengi hulisahau. Bidhaa mbili zinazofanana, zilizotoka katika mashamba mawili yanayotazamana, zinaweza kupokewa tofauti kabisa sokoni kwa sababu ya karatasi tu. Gunia ni lile lile, kahawa ni ile ile, na mvua iliyoinywesha ni moja. Kinachotofautisha ni mkataba uliosainiwa mbali, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kupanga foleni kwenye geti la forodha.

Tunalisema hili kwa sababu Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki leo inafanya biashara na Ulaya kwa milango miwili. Kenya inapita katika mkataba wake wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia zinapita katika mpango wa nchi maskini zaidi duniani, unaoziruhusu kuingiza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Mlango huo wa pili hautakaa wazi milele. Mwaka 2024 mapitio ya Umoja wa Mataifa yalionyesha kwamba Rwanda, Uganda na Tanzania zimefikia kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka katika kundi la nchi maskini zaidi. Zikithibitishwa, mlango utafungwa baada ya muda wa mpito, na kila moja italazimika kurudi mezani kujadiliana.

Swali letu ni hili: zitakwenda mezani moja moja, au zitakwenda pamoja? Kabla ya kujibu, tuangalie tulikotoka, maana mambo haya hayakuanza jana.

Mwaka 1956 na mwanzoni mwa 1957, nchi sita za Ulaya zilikuwa zikijadiliana kuunda Soko la Pamoja: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Katika mkutano wa Venice, Mei 1956, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Christian Pineau, alileta hoja iliyowashtua wenzake. Ufaransa, alisema, haitaingia katika soko hilo ikiwa makoloni yake yataachwa nje. Hesabu yake ilieleweka. Ufaransa ilikuwa ikinunua mazao ya makoloni yake kwa bei iliyo juu ya ile ya dunia, na kuyauzia bidhaa za viwanda vyake. Isingeweza kubeba mzigo huo peke yake huku ikifungua mipaka yake kwa jirani. Ubelgiji, yenye Kongo na Ruanda-Urundi, ikaunga mkono.

Ujerumani na Uholanzi hazikufurahi. Ujerumani haikuwa na makoloni tena. Ilikuwa inanunua kahawa na ndizi Amerika ya Kusini na ya Kati kwa bei nzuri, na haikuona sababu ya kulipia barabara na bandari katika nchi zinazotawaliwa na wengine. Ubishi huo ulimalizwa na wakuu wa serikali wenyewe huko Paris, Februari 1957, na tarehe 25 Machi mkataba ukasainiwa Roma. Sehemu yake ya nne ilihusu nchi na maeneo ya ng'ambo: bidhaa zao zitaingia Ulaya kwa ushuru unaopungua hadi kwisha, nao watafungua masoko yao kwa nchi zote sita, na utaundwa mfuko wa maendeleo.

Hesabu za mfuko huo zinaeleza mengi. Kwa miaka mitano ulikuwa na vizio milioni 581.25, kila kizio kikiwa sawa na dola moja ya Marekani. Ufaransa na Ujerumani zilitoa milioni 200 kila moja. Ubelgiji na Uholanzi zilitoa 70 kila moja, Italia 40, Luxembourg 1.25. Wakati wa kugawa, maeneo ya Ufaransa yalitengewa milioni 511.25, ya Uholanzi 35, ya Ubelgiji 30, na Somalia iliyokuwa chini ya udhamini wa Italia 5. Kongo nzima pamoja na Ruanda-Urundi zilipangiwa milioni 30. Ubelgiji ilitoa zaidi ya mara mbili ya fedha zilizotengewa nchi ilizokuwa ikizitawala.

Nani alisimama mezani kuuliza kwa nini? Hakuwapo Mkongo, Mrundi wala Mnyarwanda. Ruanda-Urundi haikuwa hata koloni. Ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Lakini jina lake liliandikwa katika kiambatisho cha mkataba kama shamba linavyoandikwa katika hati ya mwenye nyumba. Na angalieni waliokuwepo walipata nini. Ujerumani ilipata itifaki yake ya kuendelea kuingiza ndizi bila ushuru kutoka kokote. Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilipata kiwango maalumu cha kahawa ya kutoka nje. Kila aliyekuwa na kiti aliondoka na ukurasa wake.

Matokeo kwetu yalikuwa mstari mpya juu ya mipaka ya zamani. Mkulima wa kahawa wa Ngozi alihesabiwa ndani ya upendeleo wa Ulaya. Mkulima wa Bukoba, ng'ambo ya mpaka, alihesabiwa nje, kwa sababu Tanganyika, kama Uganda, Kenya na Zanzibar, ilikuwa chini ya Uingereza, na Uingereza haikuwemo katika Soko la Pamoja. Hakuna hata mmoja wa hao wawili aliyeulizwa.

Haki idai tuseme pia kwamba upendeleo si baraka siku zote, na kukosa upendeleo si balaa siku zote. Mkataba wa Berlin wa 1885, na baadaye ule wa Saint-Germain wa 1919, uliweka eneo kubwa kuanzia Kongo hadi pwani ya Bahari ya Hindi ambako wafanyabiashara wa mataifa yaliyotia saini walipaswa kutendewa sawa. Kwa hiyo Uingereza ilipotangaza mwaka 1934 kuweka kikomo cha nguo za kigeni katika makoloni yake ili kuvilinda viwanda vyake, Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuguswa. Nguo za Kijapani za bei nafuu ziliendelea kushushwa Mombasa na Dar es Salaam. Wenye viwanda Uingereza walilalamika, lakini mnunuzi wa kawaida katika maduka ya bara alivaa. Mikataba ile haikuandikwa kwa ajili yake. Iliandikwa ili wakubwa wasigombane. Ila inatufundisha kuuliza kila mara: upendeleo huu ni wa nani, na ni nani atakayeulipia?

Baada ya uhuru tungeweza kuufuta mstari ule. Hatukuufuta upesi. Mwaka 1963 nchi 18 za Afrika zilizokuwa makoloni na maeneo ya udhamini ya nchi za Soko la Pamoja zilisaini mkataba wa Yaoundé, zikiwemo Burundi, Rwanda, Kongo, Somalia na Madagascar. Kenya, Uganda na Tanzania zilijadiliana kwa njia yao, zikiwa tatu kwa pamoja, na Julai 1968 zikasaini mkataba Arusha. Ule wa kwanza haukuanza kutumika, kwa kuwa haukuridhiwa kwa wakati. Wa pili ulisainiwa Septemba 1969 na kutumika kuanzia Januari 1971.

Wafanyabiashara wa karafuu na kahawa wangefaa kuujua mkataba huo wa Arusha. Bidhaa nyingi za Afrika Mashariki ziliruhusiwa kuingia Ulaya bila ushuru, lakini tatu ziliwekewa kikomo: kahawa, karafuu na mananasi ya kopo. Sababu ilikuwa kuwalinda Waafrika wenzetu wa Yaoundé waliokuwa wamekwisha kuingia. Karafuu ya Zanzibar ikahesabiwa kwa tani ili isiisumbue karafuu ya Madagascar. Kahawa ya Uganda ikawekewa kikomo ambacho kahawa ya Rwanda haikuwekewa. Juu ya hayo, nchi zetu tatu zilitakiwa kupunguza ushuru kwa baadhi ya bidhaa za Ulaya. Hivi ndivyo jirani anavyogeuzwa kuwa mshindani wako katika chumba ambacho wote wawili mmekwenda kuomba.

Hali ilibadilika pale tu mstari ulipofutwa mezani. Uingereza ilipojiunga na Soko la Pamoja mwaka 1973, Ulaya ilitaka kuendelea kuzungumza na makundi. Nchi za Afrika zilizotawaliwa na Waingereza na zile zilizotawaliwa na Wafaransa na Wabelgiji zikaamua kwenda pamoja, zikiungana na za Karibiani na Pasifiki. Tarehe 28 Februari 1975, nchi 46 zilisaini mkataba wa Lomé na nchi tisa za Ulaya. Sharti la kuzilipa bidhaa za Ulaya kwa upendeleo wa ushuru liliondolewa. Lomé ilikuwa na kasoro zake, na miaka iliyofuata ilionyesha kwamba kuuza mali ghafi bila ushuru si kujenga viwanda. Lakini hakuna mkataba wa kabla yake uliotupa masharti kama yale, na haukupatikana kwa kila nchi kubisha hodi peke yake.

Upendeleo huo wa upande mmoja ulipingwa baadaye na nchi nyingine, hasa wauzaji wa ndizi wa Amerika ya Kusini na ya Kati, kwa hoja kwamba unakiuka kanuni za biashara za dunia. Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 ukauweka kwenye msamaha wa muda uliokwisha mwishoni mwa 2007. Kuanzia hapo Ulaya ilitaka mikataba ya kufungua masoko pande zote mbili, na Jumuiya yetu ikaanza kujadiliana ikiwa kitu kimoja.

Wasomaji wetu wanaukumbuka mwisho wake. Kenya, ambayo si miongoni mwa nchi maskini zaidi, haikuwa na mlango mwingine. Mazungumzo yalipochelewa, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014 maua na mboga zake zilianza kutozwa ushuru Ulaya, mpaka upendeleo uliporudishwa tarehe 25 Desemba mwaka huo. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilisaini mkataba wa Jumuiya. Tanzania ilikataa, ikisema viwanda vyake vichanga vitaumia na kwamba Uingereza, mnunuzi mkubwa, ilikuwa inaondoka katika Umoja wa Ulaya. Burundi na Uganda hazikusaini. Februari 2021 wakuu wa nchi waliafiki kwamba atakayekuwa tayari atangulie. Kenya ilikwisha kusaini mkataba wake na Uingereza Desemba 2020, na Desemba 2023 ikasaini na Umoja wa Ulaya.

Gazeti hili haliwalaumu waliosaini wala waliokataa. Mkulima wa maua wa Naivasha hakuweza kusubiri miaka kumi, na mwenye kiwanda wa Dar es Salaam alikuwa na haki ya kuuliza atalindwaje. Mkataba wa Jumuiya wenyewe unaruhusu nchi kwenda kwa kasi tofauti. Tunachokilaumu ni kwamba tuliachana njiani bila kukubaliana nini kitatokea mpakani baada ya hapo.

Na hapo ndipo jambo hili linapomfikia anayesoma gazeti hili akiwa juu ya mzigo wake. Umoja wetu wa forodha, ulioanza mwaka 2005, unategemea ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje. Mkataba wa Kenya na Ulaya unapunguza ushuru huo hatua kwa hatua katika kipindi cha hadi miaka 25, huku bidhaa nyeti zikiachwa nje. Maana yake ni kwamba bidhaa fulani ya Ulaya itaweza kuingia Mombasa kwa ushuru mdogo kuliko ule unaotozwa Dar es Salaam. Ikivuka Namanga au Malaba, ofisa wa upande wa pili ana wajibu wa kuuliza: hii imetoka wapi, imelipiwa kiasi gani, na tofauti iko wapi?

Kampuni kubwa ina wakala wa forodha wa kujibu maswali hayo. Mama mwenye katoni tano hana. Tayari anahangaika kueleza kwamba sabuni yake imetengenezwa Nairobi au unga wake umesagwa Kampala. Tusipoweka utaratibu ulio wazi, kila katoni itageuka kuwa ya kutiliwa shaka, na kila shaka itakuwa na bei yake ya chini ya meza. Mkataba uliosainiwa kwa ajili ya maua utaishia kumchelewesha muuza nyanya na muuza viberiti.

Wapo watakaosema kwamba mchuuzi wa mpakani hana habari na Brussels. Tunawakumbusha mitumba. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya zilikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo kuukuu ili kuvipa nafasi viwanda vya nguo. Mwaka uliofuata wauzaji wa nguo hizo wa Marekani walipeleka malalamiko kwa serikali yao, na nchi zetu zikaonywa kwamba zinaweza kuondolewa katika mpango wa AGOA. Kenya ilijitoa kwanza. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilibaki peke yake, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kunufaika na mpango huo. Kama uamuzi ule ulikuwa mzuri au mbaya, wauzaji wa Gikomba, Owino na Karume wana maoni yao, na wana haki nayo. Tunachosema ni kwamba uamuzi wa pamoja ulivunjwa na upendeleo wa kutoka nje ndani ya muda mfupi, na bei ya bando ikabadilika kila upande wa mpaka. Kila mchuuzi alizipata habari za Washington kupitia mfuko wake.

Kwa hiyo tunazishauri serikali na Sekretarieti ya Jumuiya mambo manne.

Kwanza, orodha ya bidhaa ambazo ushuru wake unatofautiana kati ya nchi na nchi kwa sababu ya mkataba wa nje ibandikwe katika kila kituo cha pamoja cha mpakani, kwa Kiswahili, na ibadilishwe kila kiwango kinapobadilika. Mfanyabiashara asiambiwe sheria na mtu yule yule anayemtoza.

Pili, cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ambacho sasa kinatumika kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, kisiongezewe masharti kwa kisingizio cha mikataba hiyo. Mazao ya shambani na bidhaa ndogo zinazojulikana zilitoka wapi zipite kama zinavyopita leo. Ukaguzi wa asili uelekezwe kwenye makontena, kwa sababu bidhaa za Ulaya haziingii Afrika Mashariki kwa ndoo na mikokoteni.

Tatu, Rwanda, Uganda na Tanzania zisisubiri kutolewa katika kundi la nchi maskini zaidi ndipo zianze kuulizana. Wataalamu wa nchi hizo tatu, pamoja na wa Kenya ambayo tayari inajua uzito wa mkataba wake, wakae sasa. Waainishe ni bidhaa gani lazima zilindwe katika Jumuiya nzima, na ni masharti gani hakuna nchi itakayoyakubali peke yake. Nchi zitakazobaki katika kundi hilo, kama Burundi, ziwe mezani pia, kwa sababu mipaka yao ni mipaka yetu.

Nne, vyama vya wafanyabiashara wa mipakani wapewe kiti katika mazungumzo, si nafasi ya kuhudhuria ufunguzi na kupiga picha. Mwaka 1957 Ruanda-Urundi iliandikwa katika kiambatisho bila kuulizwa kwa sababu ilikuwa inatawaliwa. Leo hakuna anayetutawala. Mfanyabiashara akiandikwa tena katika kiambatisho bila kuulizwa, atakayekuwa amemwandika ni serikali yake mwenyewe.

Na wafanyabiashara nao wana wajibu. Chama kisichokuwa na takwimu za wanachama wake, kisichojua mzigo wao ni wa thamani gani na unakwama wapi, kitaingia mezani na malalamiko tu. Andikeni. Kila siku mzigo unapokaa, kila karatasi inayodaiwa bila msingi, iwekwe kumbukumbu na ipelekwe kwa kamati za kitaifa za vikwazo visivyo vya kiforodha. Mjadiliaji mwenye ushahidi husikilizwa hata akiwa mdogo.

Ulaya itaendelea kujadiliana kwa faida yake, kama Ujerumani ilivyozitetea ndizi zake mwaka 1957. Hilo si kosa lake. Kosa litakuwa letu ikiwa, baada ya miaka yote hii, mkulima wa Ngozi na wa Bukoba bado wanagawanywa na hati ambayo hakuna kati yao aliyeiona. Kidole kimoja hakivunji chawa. Viongozi wetu waende mezani mkono mzima.